Uliza Fundi: Wati zinazopotelea kwenye waya

SWALI: Mwangaluka fundi. Mi navua dagaa huku Igombe, karabai tulishaachana nazo sasa ivi ni taa za led na betri ya volti 12. Betri inakaa mtumbwini afu taa ziko kwenye boya, waya kama mita kumi hivi. Shida yangu taa haziwaki vizuri kama zilivyowaka dukani, nimebadilisha betri wapi, vilevile tu. Kuna kijana wa umeme kanipimia akaniandikia kwenye karatasi: betrini 12.4, kwenye taa 10.3, ampea 3. Ndo akaondoka. Hizi namba zinasema nini?
*Mvuvi, Igombe*

JIBU: Mwangaluka baba, pole na kazi. Hizo namba tatu zinatosha kabisa, betri yako haina kosa, kuna wati zinaliwa njiani kabla hazijafika kwenye taa.

Hesabu ziko mbili tu. Ukichukua volti (msukumo wa umeme) ukagawa kwa ampea (kiasi cha umeme unaopita) unapata ukinzani, yaani ule ubishi wa waya au kifaa kupitisha umeme, unahesabiwa kwa omu, na hiyo kanuni aliichapisha Mjerumani Georg Simon Ohm mwaka 1827. Ukizidisha volti kwa ampea unapata wati, ndo nguvu yenyewe ya umeme.

Twende. Betri inatoa 12.4 mara 3, wati 37.2. Taa zinapokea 10.3 mara 3, wati 30.9. Hapo kuna wati 6.3 hazijafika, zimeishia kwenye waya kuupasha joto ambalo wala hulihisi sababu limetawanyika mita zote hizo. Volti zilizopotea ni 12.4 toa 10.3, yaani 2.1, gawa kwa ampea 3 unapata omu 0.7. Na hapa naomba msomaji yeyote asome taratibu maana ndo wengi wanapopotea: ukitafuta ukinzani wa waya usichukue 12.4 yote ukagawa, chukua volti zilizopotea kwenye kile kipande unachokipima tu, ukichukua za betri utapata omu za waya na taa kwa pamoja na hazitakusaidia kitu.

Utasema omu 0.7 si kitu. Kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230 kweli volti 2 zikipotea huoni tofauti, ila we una 12 tu, zikitoka 2 ushapoteza kama sehemu ya sita ya ulichonacho.

Sasa dawa. Umeme unaenda na kurudi, kwa iyo mita kumi zako kwa hesabu ni ishirini. Shaba ya unene wa milimita za mraba 0.5 kwa mita ishirini inakuja karibu omu 0.69, kwa hiyo nadhani hapo uliuziwa huo mwembamba. Ukiweka waya wa 2.5 ukinzani unashuka mpaka omu 0.14 hivi, kwa ampea zilezile 3 unapoteza volti 0.4 basi. Ila kabla hujatoa hela kagua kwanza maungio, unyevu wa ziwani unakula vichwa vya betri na kila sehemu iliyosokotwa kwa mkono, na kutu nayo ina omu zake. Au kama boya linabeba, weka betri kwenye boksi lisilopitisha maji hukohuko karibu na taa, waya uwe mfupi.

Na kijana akirudi mwambie hongera, maana ampea inapimwa kwa kukata njia ya umeme na kuipitisha ndani ya mita, wengine wanagusisha mita ya ampea moja kwa moja kwenye vichwa viwili vya betri, hiyo ni shoti, mita inaungua.

SWALI: Jagi langu la umeme limeandikwa wati 1500. Jioni umeme ukiwa mdogo maji yanachelewa sana kuchemka. Je hapo LUKU inaliwa kidogo au zaidi?
*Mama wawili, Nyegezi*

JIBU: Dada, kwa volti 230 jagi lako linavuta ampea 6.5 na koili ina omu kama 35.3. Tuseme jioni volti zimeshuka mpaka 190. Koili ni ileile, omu zileile, kwa hiyo ampea nazo zinashuka hadi 5.4, ukizidisha unabaki na wati 1020 hivi. Volti zimepungua kidogo lakini nguvu imepungua karibu theluthi, kwa sababu volti na ampea zimeshuka kwa pamoja. Lita mbili za maji, ambazo huku kwetu juu ya mwinuko zinachemka kwenye nyuzi kama 96, zitatoka dakika 7 kwenda kama 10. Uniti ni karibu zilezile, 0.165 hivi, tena jioni zinazidi kidogo maana maji yanapoa huku yanachemka.

SWALI: Balbu ya uzi ya wati 100, kwa hesabu napata omu 529, nikipima na mita napata 40. Mita mbovu?
*Kidato cha nne, Ilemela*

JIBU: Mita nzima mdogo wangu. Umepima balbu ya baridi. Uzi wa tangsteni ukiwaka unapita nyuzi 2000 na ukinzani wake unapanda zaidi ya mara kumi, hiyo 529 ni ya balbu inayowaka. Ndo mana balbu hizi hupenda kuungua pale unapowasha, kwa kitambo kidogo sana inavuta 230 gawa 40, karibu ampea 6, wakati ikishapata moto inatumia 0.43 tu. Na omu pima kitu kikiwa kimetolewa kwenye umeme, kamwe usipime kikiwa kinawaka.