Jiandae Kunyonyesha Ukiwa Bado Mjamzito

Wajawazito huniuliza wanunue nini kwa ajili ya kunyonyesha, na orodha yangu ni fupi: sidiria mbili tatu zisizobana na vitambaa vya kuweka ndani yake maziwa yakianza kuvuja. Nimenyonyesha watoto wawili, na kilichonivusha kwa huyu wa pili ni kujua mapema siku za mwanzo zitakuwaje, na kuhakikisha walio karibu nami wanajua pia. Nina marafiki walioacha kunyonyesha katika wiki ya kwanza wakiamini hawana maziwa, kumbe waliyokuwa wakiyaona ni mambo ya kawaida kabisa ya siku zile. Inaniuma kila nikikumbuka, kwa sababu mazungumzo ya nusu saa wakati wa mimba yangeweza kuwasaidia.

Nianze na matiti yenyewe. Usisugue chuchu kwa taulo wala brashi eti zikomae. Mwili unajiandaa wenyewe: tangu katikati ya mimba matiti huanza kutengeneza dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito, mara nyingi ya manjano, na vile vipele vidogo vinavyoizunguka chuchu hutoa mafuta ya kulainisha ngozi. Sabuni huyaondoa mafuta hayo, kwa hiyo ukioga, maji matupu yanatosha sehemu hiyo. Kama chuchu zako ni bapa au zimeingia ndani, usijihukumu kabla hujaanza. Mtoto hunyonya kwa kukamata sehemu kubwa ya titi, si ncha peke yake. Mwonyeshe mkunga kliniki ili awe tayari kukusaidia.

Mwambie pia kama umewahi kufanyiwa upasuaji wa titi, kama una kisukari, au kama kuna dawa unazotumia kila siku. Dawa nyingi hazimzuii mama kunyonyesha, lakini zipo chache zinazozuia, na ni afadhali ulijue hilo mtoto akiwa bado tumboni. Mama anayeishi na VVU apange mapema na wahudumu wake namna atakavyomlisha mtoto. Akitumia dawa zake bila kuruka na virusi vikawa vimefubazwa, uwezekano wa kumwambukiza mtoto kwa kunyonyesha hushuka sana.

Kisha kuna saa ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aanze kunyonya ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa. Liongee jambo hili na watakaokuzalisha kabla ya uchungu, kwa sababu ukiwa katikati yake hutakuwa na nguvu za kueleza. Mimi nilimwomba mkunga hivi: "Naomba mtoto akishafutwa umlaze kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, na mambo ya kumpima yasubiri kidogo kama yuko salama." Alikubali mara moja. Mtoto aliyelazwa hivyo hutulia, hupata joto la mama, na baada ya muda huanza kuhangaika akilitafuta titi. Mwache atafute, wala usimsukume kichwa. Hata ukijifungua kwa upasuaji, ukiwa macho na hali yako ni nzuri, hilo linawezekana. Ikishindikana, baba anaweza kumkumbatia mtoto kifuani mwake mpaka wewe uwe tayari. Mtoto akilazimika kulazwa mbali nawe, uliza namna ya kukamua kwa mkono ndani ya saa hizo za mwanzo, maana matiti yanahitaji kuchochewa mapema.

Sasa nifike kwenye siku ambazo ndizo hasa zilizonifanya niandike. Siku mbili tatu za kwanza hutaona maziwa mengi. Utaona dang'a, matone tu au vijiko vichache vya chai, na ukilikamua titi unaweza kudhani halina kitu. Hicho kidogo ndicho kipimo cha mtoto mchanga, ambaye tumbo lake ni dogo sana, na kimejaa kinga za mwili. Maziwa mengi huja kati ya siku ya 2 na ya 5. Kwa mama wa mtoto wa kwanza, aliyefanyiwa upasuaji, aliyepoteza damu nyingi au mwenye kisukari, yanaweza kuchelewa kidogo.

Katikati hapo kuna usiku, mara nyingi ule wa pili, ambapo mtoto hulia na kutaka titi karibu bila kupumzika. Ananyonya, anasinzia, ukimlaza anaamka analia. Usiku huo ndipo mtu wa nyumbani atakapokwambia kwa upendo kabisa, "Mwanangu, huyu ana njaa, mpe hata maji kidogo." Na wewe umechoka, una maumivu, utaamini. Lakini kunyonya huko kwa mfululizo ndiko kunakouambia mwili utengeneze maziwa mengi zaidi. Kila mtoto anaponyonya, ubongo hutoa homoni mbili, moja ya kutengeneza maziwa na nyingine ya kuyasukuma yatoke, na titi linalonyonywa mara kwa mara hujaa upesi. Ukimshibisha kwa kitu kingine bila sababu ya kitabibu, ananyonya kidogo, na titi nalo linatengeneza kidogo. Maji hayahitaji kabisa kabla ya miezi 6, kwani sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji.

Ndiyo maana nilizungumza na mama mkwe wangu mapema, mimba ikiwa bado changa. Nilimwambia, "Mama, mtoto akilia sana usiku, usinionee huruma kwa kumpa kitu. Nisaidie kuhesabu nepi." Alicheka, lakini alizihesabu. Na kuhesabu nepi ndicho kipimo bora ulichonacho nyumbani: siku ya kwanza mtoto akojoe angalau mara 1, siku ya pili 2, na kuanzia siku ya 5 mara 6 au zaidi kwa saa 24. Kinyesi cheusi kinachonata kibadilike taratibu mpaka kiwe cha manjano. Uzito hupungua kidogo mwanzoni kwa watoto wengi, kisha hurudi kwenye ule wa kuzaliwa ndani ya wiki 2 hivi. Akipungua zaidi ya asilimia 10, mhudumu wa afya aangalie anavyonyonya na kama anahitaji kuongezewa maziwa.

Kumpakata na kumweka kwenye titi unaweza kujifunza sasa, hata kwa kutumia mdoli. Tumbo la mtoto ligusane na lako. Sikio, bega na nyonga viwe kwenye mstari mmoja, asipinde shingo. Pua yake ielekee chuchu, usubiri afungue mdomo wazi kabisa, ndipo umvute yeye aje kwenye titi, wala usiinamie wewe. Akishika vizuri, kidevu kinagusa titi, mdomo wa chini umegeuka nje, na utasikia akimeza. Siku za kwanza unaweza kusikia maumivu anapoanza, yakapoa baada ya muda mfupi. Maumivu yasiyoisha, au chuchu inayotoka imebanwa na kuchongoka, ni dalili kwamba hakushika vizuri. Ingiza kidole chako safi pembeni mwa mdomo wake umtoe, uanze upya. Usivumilie ukisema utazoea, chuchu zitachanika.

Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, hivyo kazi za nyumba zigawiwe kabla. Mume wangu alichukua nepi, kubeulisha na kuniletea maji ya kunywa kila nilipokaa kunyonyesha, kwa sababu kiu huja ghafla.

Na tafuta mapema mtu wa kumpigia: mkunga, nesi wa kliniki, au dada aliyenyonyesha vizuri na mwenye subira. Mpigie ukiona nepi ni kavu, mtoto analala mno kiasi cha kutoamka kunyonya, au titi limekuwa gumu. Mtoto akilegea, au akiwa wa manjano mpaka miguuni, au wewe ukipata homa huku titi likiwa jekundu na la moto, nendeni hospitali siku hiyo hiyo, na uendelee kunyonyesha. Namba ya mtu huyo iwe kwenye simu yako na ya mumeo kabla ya wiki ya 36 ya mimba.