Sili nyama, kolestro imetoka wapi?

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 46, niko Tanga. Nyama nimeacha huu mwaka wa sita, samaki sigusi, mayai sina hamu nayo, na kila jioni natembea kama saa nzima hivi. Juzi nimepima nikaambiwa kolestro jumla 6.5, LDL 4.4, HDL 1.6, triglisaraidi 1.1. Jirani yangu kila wikendi nyama choma na yuko sawa! Sasa nilikuwa najinyima nini jamani?

JIBU: Marahaba mama, pole, ila usirudi buchani kwa hasira. Ni kweli kolestro iko kwenye vyakula vya wanyama, lakini nyingi ya kwenye damu inatengenezwa na ini lako mwenyewe, na ukila sana mafuta yale yanayoganda, ini linazembea kuiondoa LDL, ile kolestro mbaya inayoziba mishipa. Sasa hebu niambie, mbaazi za asubuhi unaunga na nini? Wali je? Mchicha? Tui, tui, tui, na nawajua watu wa pwani, lile zito la kwanza ndo linamiminwa mwishoni. Mafuta ya nazi zaidi ya asilimia 80 ni ya kundi hilo la kuganda, yanaipita hata samli! Sikwambii uache nazi (nani ataweza), pikia tui la pili, zito libaki la sikukuu, siku nyingine tumia alizeti kidogo. Mbaazi zenyewe ongeza, maharage pia, zina nyuzinyuzi zinazonasa nyongo tumboni inatoka chooni, ini linabidi lichote kolestro kwenye damu litengeneze nyongo nyingine.

Kutembea usiache. Mazoezi LDL huwa hayaishushi sana, kazi yake inaonekana zaidi kwenye HDL (ile kolestro nzuri) na triglisaraidi (mafuta mengine ya kwenye damu), na zako ni nzuri kabisa.

Halafu ile kahawa ya kuchemsha isiyochujwa kwa karatasi, ukinywa vikombe vingi kila siku nayo inapandisha LDL, watu hawaamini nikiwaambia.

Omba pia upimwe tezi ya shingoni, maana ikizubaa LDL inapanda hata ule majani matupu. Na kama kwenu kuna aliyepata shtuko la moyo akiwa bado kijana mwambie daktari, kuna kolestro ya kurithi, hiyo mara nyingi inataka dawa. Jirani yako pengine kajaliwa ini zuri tu, muache na nyama yake. Pima tena baada ya miezi mitatu, uniandikie.