Kabla ya Kufidia Masomo, Mrejeshee Mtoto Uanafunzi

Siku ya tatu baada ya shule kufunguliwa, mwalimu wa darasa la tatu aliniita pembeni akaniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Mwalimu mwenzangu, huyu mtoto huwa anamtafuta nani?" Alinieleza kwamba kitinda mimba wangu, kila anapomaliza hesabu moja, hugeuza shingo upande wa kushoto na kutazama juu kidogo, kana kwamba kuna mtu amesimama pale, kisha hubaki akisubiri. Sikuhitaji kufikiri. Upande wa kushoto wa meza yetu ya nyumbani ndiko nilikokuwa nikikaa mimi, miezi yote aliyosoma kupitia skrini, na kila alipomaliza hesabu nilikuwa nikitikisa kichwa kwa kukubali au kukunja uso, naye akajua kama aendelee au afute.

Nimefundisha shule ya msingi kwa miaka 12, lakini mganga hajigangi. Kwa mtoto wa mtu mwingine ningeiona kasoro hiyo ndani ya wiki moja. Kwa wangu niliilea mwenyewe, nikidhani namsaidia. Alama zake za nyumbani zilikuwa nzuri mno, nami nilizifurahia bila kujiuliza ni nani hasa aliyekuwa akizipata.

Wengi tulikutana na hali hii kwa mara ya kwanza baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza, tarehe 11 Machi 2020, kwamba UVIKO-19 ni janga la dunia nzima. Kufikia Aprili mwaka huo, kwa hesabu za UNESCO, wanafunzi wapatao bilioni 1.6 walikuwa nje ya madarasa yao. Tangu wakati huo imekuwa desturi kwamba shule zikifungwa, iwe kwa ugonjwa, mafuriko au machafuko, masomo yanahamia kwenye simu, redio, runinga au kompyuta, na baadaye watoto wanatakiwa kurudi darasani kana kwamba walitoka jana.

Katika kurudi huko, wazazi wengi hukimbilia kuhesabu mada zilizopita na kumtafuta mwalimu wa masomo ya ziada. Mada hupotea kweli, sikatai. Hata hivyo, kwa niliyoyaona nyumbani kwangu na darasani mwangu, kinachotangulia kupotea ni uanafunzi wenyewe: kukaa kwenye dawati kipindi kizima, kusubiri zamu, kuandika ukurasa mzima kwa mkono, kusikiliza sauti ya mwalimu katikati ya sauti 40 nyingine, na kukosea mbele ya wenzako bila kutamani ardhi ipasuke. Hayo hayamo kwenye muhtasari wa somo lolote, na mtoto aliyeyapoteza hafaidiki sana na masomo ya ziada, kwa sababu hata hayo yanamhitaji mtu anayeweza kukaa, kusikiliza na kuandika.

Anza na usingizi, na uanze mapema. Watoto wa miaka 6 hadi 12 wanahitaji kulala saa 9 hadi 12 kwa siku, na wanaposomea nyumbani huzipata saa hizo kwa mpangilio usiofanana na wa shule, maana mtoto anaweza kuamka dakika 10 kabla ya kipindi na kuhudhuria akiwa bado na nguo za kulalia. Kumwamsha saa moja na nusu mapema kuanzia siku ya kwanza ya muhula ni kumpeleka shuleni akiwa nusu yake imebaki kitandani. Sisi tulisogeza muda wa kulala na wa kuamka kwa dakika 15 kila baada ya siku mbili, hivyo dakika 90 zilituchukua siku 12, na mwishoni mwa wiki hatukurudi nyuma. Simu na runinga zilizimwa saa moja kabla ya kulala. Agizo hilo la mwisho ndilo lililozua ugomvi nyumbani, na nakiri kwamba mgomvi mkuu hakuwa mtoto.

Yapo pia mambo ambayo mtu mzima hayakumbuki mpaka aone aibu usoni mwa mtoto. Nyumbani mtoto huenda chooni anapotaka. Shuleni anapaswa kusubiri mapumziko, au anyooshe mkono na kuomba ruhusa mbele ya watu. Katika wiki ya kwanza, watoto watatu wa darasa langu la pili walijikojolea, na wote walikuwa watoto ambao hawakuwahi kupatwa na jambo hilo kabla ya shule kufungwa. Mzazi anaweza kulizuia kwa kumzoesha mtoto, wiki moja au mbili kabla, kwenda chooni kwa saa za mapumziko ya shule, na kwa kumfanyisha mazoezi ya maneno yenyewe ya kuomba ruhusa, kwa sauti, mpaka yasimtie haya. Mwache pia afunge kamba za viatu, afungue chupa yake ya maji na kupanga mkoba wake bila msaada. Mwalimu mwenye watoto 40 hawezi kufunga viatu 80 kabla ya kengele.

Mkono nao husahau. Nilipowapa wanafunzi wangu imla ya kwanza, sentensi tano tu, walioweza kuzisikia na kuzitamka bila tatizo walishindwa kuzimaliza, kwa kuwa vidole vilichoka. Mwanangu, jioni ile ile, aliandika mistari mitatu, akaweka penseli chini na kukung'uta vidole kama mtu aliyemwagikiwa maji, kisha akaniuliza kama anaweza kunieleza jibu kwa mdomo. Herufi zake zilielea juu ya mstari, na penseli aliishika kwa ngumi, kama anayekoroga kitu. Kwa miezi mingi kazi yake ilikuwa kugusa jibu sahihi kwa kidole au kuandika neno mojamoja.

Dawa yake ni ndogo lakini ni ya kila siku. Tulianza na mistari mitatu, tukaongeza mmoja kila baada ya siku mbili, na nilihakikisha anaandika kitu chenye mtu wa kukisoma: barua kwa bibi yake, orodha ya vitu vya kufungasha, ujumbe wa kubandika mlangoni kwa dada yake unaomkataza kuingia. Ujumbe huo wa mlangoni, nieleze kwa haki, ndio alioandika kwa bidii kuliko yote. Kunakili kurasa nzima za kitabu sikupendekezi, kwa sababu mtoto hunakili huku akili iko kwingine, na mwandiko unazidi kuharibika kadiri anavyoharakisha amalize.

Wakati uo huo, mchunguze macho. Mtoto aliyezoea skrini iliyo karibu na uso wake huweza kukaa miezi mingi bila mtu yeyote kujua kwamba haoni mbali, na akirudi darasani na kukosea kunakili kilicho ubaoni, huhesabiwa kuwa mzembe. Dalili ni kukunja macho, kusogea mbele bila ruhusa, au kunakili kutoka kwa jirani badala ya ubaoni. Apimwe kabla hajagombezwa.

Sasa nije kwenye masomo yenyewe, maana hapa ndipo nilipojifunza zaidi. Baada ya kuambiwa habari ya kugeuza shingo, nilimpa mwanangu hesabu tano za kutoa, nikatoka chumbani na kufunga mlango. Moja ilikuwa 402 kutoa 178. Jibu sahihi ni 224. Yeye aliandika 376. Ukiitazama haraka utasema amebahatisha, lakini alikuwa na kanuni yake kamili: katika kila safu alichukua tarakimu kubwa akaondoa ndogo, bila kujali ipi iko juu. Nane kutoa mbili ni sita, saba kutoa sifuri ni saba, nne kutoa moja ni tatu. Kosa la namna hii tunaliona sana madarasa ya chini, na maana yake ni kwamba mtoto hajaelewa kukopa kutoka kwenye makumi na mamia. Nyumbani lilikuwa halionekani kwa sababu kila alipofika kwenye safu yenye tatizo nilikuwa nikiinua nyusi, naye akabadilisha tarakimu.

Sikumrudisha kwenye 402. Tulichukua vijiti, tukafunga mafungu manne ya kumi kumi na kuacha viwili nje, nikamwambia, "Nipe 18." Alinipa fungu moja, akanyoosha mkono kwenye vile viwili, akakwama. Alikaa kimya kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu sana, na safari hii nilitazama dirishani ili asipate cha kusoma usoni mwangu. Mwishowe akauliza, "Mama, naruhusiwa kufungua fungu?" Hapo ndipo kukopa kulipomwingia, kilichobaki kilikuwa kuandika kwenye daftari alichokwisha kukifanya kwa mikono, na kazi hiyo ilichukua alasiri tatu.

Ushauri wangu kwa mzazi yeyote, hata asiye mwalimu, ni kwamba usimpime mtoto kwa kumsimamia. Mpe hesabu chache na kifungu kifupi cha kusoma, za darasa alilotoka na si analoingia, kisha mwache peke yake. Akimaliza, usitie alama ya kosa. Onyesha jibu moja lililokosewa na umwombe, "Nionyeshe ulivyofikiri." Kwa kusoma, msikilize akisoma kwa sauti, kwa sababu kuna watoto waliokariri masimulizi ya redio au video na wanaoweza kukutajia hadithi nzima bila kusoma neno hata moja. Nimewahi kumgeuzia mtoto kitabu juu chini, naye akaendelea bila wasiwasi.

Karatasi ile yenye makosa mpelekee mwalimu wake. Ni zawadi kubwa kuliko sentensi ya "naomba umwangalie mwanangu", ambayo sisi walimu huisikia mara 20 kwa asubuhi moja na haitupi pa kuanzia. Mwambie mwalimu mambo mawili au matatu mahususi: alikuwa akisomea kwenye nini, nani alikaa naye, na wapi hasa anakwama. Mwambie pia kama kulikuwa na msiba, ugonjwa au kuhama nyumbani kwenu katika kipindi hicho, hata kama unaona halihusiani na masomo.

Masomo ya ziada ya jioni ningeyaacha kwa wiki nne za mwanzo. Najua walimu wenzangu baadhi hawatalipenda neno hili. Mtoto aliyetoka kwenye vipindi vitatu vya nyumbani na kuingia kwenye siku nzima ya shule hurudi akiwa amechoka kuliko sisi tunavyodhani. Saa yake ya jioni inahitaji mchezo na usingizi, pamoja na ile mistari yake michache.

Kuhusu woga wa kuachana, utaujua kwa maumivu ya tumbo. Yakianza asubuhi ya siku ya shule na kutoweka kabla ya mchana, na yakiwa hayatokei Jumamosi, yaelekea ni woga. Lakini usimwite mtoto mwongo, kwa kuwa tumbo linamuuma kweli. Maumivu yanayoambatana na homa au kutapika, au yanayomwamsha usiku, ni ya kwa daktari. Ukishajua kuwa ni woga, mpeleke shuleni, kwani kila siku unayomruhusu kubaki nyumbani huifanya siku inayofuata kuwa ngumu zaidi. Agana naye kwa ufupi, mwambie utamchukua saa ngapi, na ufike saa hiyo. Usitoroke akiwa ametazama kwingine. Niliwahi kumshauri mzazi mmoja afanye hivyo, miaka yangu ya mwanzo kazini, na mtoto yule alilinda mlango wa darasa kwa macho wiki mbili nzima.

Marafiki nao huhitaji kurejeshwa. Watoto walioonana kwenye visanduku vya skrini hawajagombania mpira wala kupanga foleni, hivyo ugomvi wa wiki za mwanzo huwa mwingi na mara nyingi hauna uzito. Ukitaka kujua kama wa mwanao una uzito, acha swali la "shule ilikuwaje", ambalo jibu lake ni "nzuri" kila siku. Uliza alikaa na nani wakati wa mapumziko. Ukisikia "peke yangu" siku tatu mfululizo, zungumza na mwalimu, na mwalike mtoto mmoja wa darasa lake waje wacheze. Mmoja anatosha kwa kuanzia.

Kwa watoto wengi niliowaona, mwezi mmoja hadi miwili huleta unafuu unaoonekana. Kama baada ya hapo bado analia kila asubuhi, halali vizuri, ameacha kuzungumza au anasahau hata alivyokuwa akivijua, usisubiri muhula uishe. Mwombe mwalimu na daktari wamtazame pamoja.

Kitinda mimba wangu sasa hageuki. Dada yake, aliye darasa la sita, ndiye aliyenishangaza, kwa sababu nilidhani umri ungemkinga. Alizoea kuandika majibu kwenye simu na kuyasoma mara mbili kabla ya kuyatuma, na darasani hakunyoosha mkono hata alipojua jibu, kwani neno likishatoka mdomoni halifutiki. Sikumlazimisha. Tulikubaliana aandike jibu kwenye kipande cha karatasi kwanza, kisha anyooshe mkono na alisome. Mwalimu wake anajua habari ya karatasi hizo, na amekubali ziendelee kwa sasa. Juzi nilipotoa vitu kwenye mfuko wa sare yake kabla ya kuifua, nilikuta tatu, na moja kati ya hizo ilikuwa na neno moja tu, tena limekatwa.