Mwanangu, umeniuliza habari ya spidi

Mwanangu,

Meseji yako nimeiona jana usiku nikaamua nisikujibu kwa sauti, manake dada yako ameshanisema kwamba meseji zangu za sauti ni ndefu kuliko hotuba, na pia mtu akiniuliza habari ya kutaipu mimi namjibu kwa kutaipu, asije akasema mama anaongea tu.

Umeuliza kitu kifupi. Kazini wamewaletea mfumo mpya, kila kitu sa hivi kinaandikwa palepale mteja akiwa anakutazama, wewe bado unadonoa kwa vidole viwili, chuo cha jamii wamefungua usajili wa kozi ya kibodi kwa wanaoanza, na unataka kujua mimi ile kozi yangu ilinichukua muda gani mpaka nikawa na spidi. Basi.

Muda sikumbuki vizuri na hata ningekumbuka usingekufaa, vidole vyangu sio vyako. Ila hiyo spidi yenyewe unajua inahesabiwaje? Mimi nilidhani maneno kwa dakika ni maneno kweli, kumbe wenyewe neno wamelifanya mibonyezo 5, spesi ikiwemo, liwe fupi liwe refu. Sasa chukua nitakapokuandikia, hilo lina herufi 17, wewe umeandika neno moja mashine inakuhesabia matatu na chenji. Kwa hiyo ukisikia mtu anajisifu maneno 60 kwa dakika usitetemeke, ni mibonyezo 300, ukija kwenye maneno yetu haya yanayobeba sentensi nzima tumboni hiyo 60 yake inapungua sana. Halafu kuna spidi ghafi na spidi halisi. Ghafi ni vyote ulivyobonyeza, halisi wanatoa makosa. Nakuja huko kwenye kutoa makosa, ndiko kulikonikalisha macho.

Kwanza nikwambie kitu ambacho kwenye tangazo hawaandiki: mwanzoni utakuwa mzito kuliko ulivyo sasa. Hivyo vidole vyako viwili vina uzoefu wa miaka, vinajua njia zao, ukiviambia vipumzike na vile vinane vingine viamke utajiona umerudi chekechea, na kazini si wanakusubiri, kwa hiyo mchana utadonoa na jioni utajifunza, na mikono itachanganyikiwa. Hapo ndipo wengi wanapoacha, wanasema mbona nilikuwa na haraka zaidi zamani. Ni kweli walikuwa na haraka zaidi, hawadanganyi. Inabidi uvuke hapo.

Na najua utaniambia habari za baba'ko. Ndio, marehemu alidonoa kwa vidole viwili maisha yake yote kwenye ile taipureta yake na barua zake hazikuwa na doa. Lakini baba'ko alikuwa anajua anachotaka kusema kabla hajavuta kiti, na hakuna mteja aliyesimama mbele yake anahema. Wewe unatakiwa usikilize mtu, umtazame, uandike, vyote kwa pamoja, na macho hayawezi kuwa kwenye kibodi na kwa mtu kwa wakati mmoja. Mimi kozi hii naiona ni ya macho, vidole ni baadae. Unayapa macho ruhusa ya kwenda kwingine.

Haya sasa yule mzee.

Sidhani nimewahi kukusimulia, dada yako anamjua. Darasa letu lilikuwa mchanganyiko, kuna vijana waliotaka cheti, kuna mimi niliyekuwa na umri wa mama zao, na kuna huyu mzee fundi mawe aliyestaafu, alikaa kompyuta ya kushoto kwangu. Mpole, anakuja mapema kuliko wote, shati limenyooshwa, anafuta kibodi kwa kitambaa kabla ya kuanza. Alisema anataka kumwandikia mjukuu wake aliye mbali bila kumtuma mtu. Mwalimu alikuwa msichana mdogo tu, hodari, anatufunikia mikono kwa kitambaa ili tusichungulie, tunaweka vidole mstari wa katikati, kushoto A S D F, kulia J K L na nukta mkato, dole gumba kwenye spesi. Na F na J zina kile kijimstari kilichoinuka, ukipapasa kwa kidole cha shahada unajua uko nyumbani, ndio siri yote ya kutaipu bila kutazama iko hapo, ukishajua uko nyumbani kila herufi nyingine unaijua umbali wake.

Tukaja siku ya kupimwa. Dakika moja tu. Tunaanza wote, kitambaa juu ya mikono, mimi nasikia mzee pembeni anagonga taratibu, tap, tap, tap, hasimami hata mara moja, nikasema moyoni leo ametulia kutuzidi. Mwisho wa dakika mwalimu akapita na karatasi yake akasoma majina na spidi halisi kwa sauti, mmoja mmoja. Mimi yangu ilikuwa ndogo lakini ilikuwepo. Akafika kwa mzee akasema, sifuri. Vijana wawili nyuma wakacheka, sio kicheko kikubwa, kile cha puani. Mzee akasema ahsante mwalimu. Ahsante! Akakunja kitambaa chake vizuri akaweka mfukoni, akatoka, na hakurudi tena.

Sasa sikiliza. Skrini yake ilibaki wazi pale na mimi si unanijua, nikasogea nikaangalia. Ilikuwa takataka tupu. Lakini takataka ilikuwa na mpango. Palipotakiwa dada na kaka pameandikwa fsfs ms lsls. Palipotakiwa baba pana nsns. Nikakaa naangalia tu mpaka ikanijia. Mwanangu, mzee hakukosea hata kidole kimoja. Mikono yote miwili ilikuwa imekaa ufunguo mmoja kulia, basi, kwa hiyo A ikatoka S, D ikatoka F, K ikatoka L. Chukua ile mistari irudishe ufunguo mmoja kushoto, yote safi, kuliko hata yangu. Na kwa nini hakujua hayuko nyumbani? Kwa sababu ya sugu. Miaka yote ile ya mawe na saruji, ncha za vidole ngumu, kile kijimstari cha F na J hakukisikia, na kitambaa kiko juu, macho yamekatazwa.

Nikamwita mwalimu nikamwonyesha. Akaangalia, akaelewa, naye akili anayo. Akasema mama, programu imehesabu sifuri, na mimi naandika iliyohesabu programu. Nikamwambia basi mpigie simu umweleze. Akasema atampigia. Sijui kama alipiga.

Mpaka leo nikiweka vidole kwenye F na J namkumbuka yule mtu, na hasira inanipanda kidogo. Halafu inashuka, manake najibishana mwenyewe. Msichana wa watu angefanyaje, darasa limejaa, yuko peke yake, na kama asingesoma zile spidi kwa sauti mimi nisingetia bidii vile, nakwambia ukweli, niliposikia yangu ilivyo ndogo mbele ya vijana nilienda nyumbani nikataipu mpaka baba'ko akalalamika kelele. Kwa hiyo kusomwa kwa sauti kulinijenga mimi na kukamtoa yeye. Kitu kilekile. Sasa niseme ni kibaya au kizuri? Nasema ni kibaya. Lakini nasema hivyo nikiwa tayari nimeshafaidika.

Ndio maana nasema na nimewaambia tangu mkiwa wadogo, kazi ya mikono inataka mtu pembeni. Sio mtu wa kukupa alama, mtu wa kukutazama mkono. Programu ya kompyuta inaona kilichotokea kwenye skrini, haioni mkono umekaa wapi. Ingekuwa kuna mtu mmoja tu amesimama nyuma ya mzee, sekunde mbili, angemwambia baba sogea kushoto kidogo, na ingekuwa imeisha. Si unakumbuka baiskeli, kaka yako alivyokimbia na wewe ameshika kiti.

Utanipinga, nakujua, utasema mbona siku hizi watu wanajifunza nyumbani na programu za bure na wanaweza. Nitakusaidia hata kunipinga. Yule mwalimu alituhadithia kuhusu Frank McGurrin, mwandishi wa hati mkato mahakamani kutoka Salt Lake City, tarehe 25 Julai 1888 kule Cincinnati Marekani alishindanishwa na Louis Traub aliyekuwa mwalimu wa taipu kabisa. Traub anatumia macho na vidole vyake anavyojua yeye, McGurrin ameikariri mashine yote kichwani na hatazami funguo, na McGurrin akamshinda vibaya. Na huyo McGurrin alijifundisha mwenyewe! Hakuwa na mtu pembeni. Kwa hiyo hapo hoja yangu inachechemea, nakubali. Ila taipureta yenyewe Remington walianza kuiuza mwaka 1874, ni kitu kipya, nani angemfundisha? Asiye na wa kumfundisha anajifundisha. Wewe unaye, ukitaka.

Na kuna mambo ya lugha yetu ambayo hizo programu nyingi haziyajui kwa sababu mazoezi yake ni ya Kiingereza. Herufi A. Sisi A tunaimwaga kama hatulipi, hesabu tu katika sentensi hii, na wao wameiweka chini ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kile dhaifu kuliko vyote kwa mtu wa mkono wa kulia. Baba unaliandika mkono wa kushoto peke yake na nusu nzima anabeba huyo mdogo. Mama mikono inapokezana vizuri, raha tupu, mimi nilifurahi nilipogundua hilo nikamwambia baba'ko hakupendezwa. Q na X hatuna kazi nazo kabisa lakini mazoezi yatakung'ang'aniza, ufanye tu, kwenye kazi za watu kuna majina na namba za siri. Na ile alama ya ng' iko kulia kabisa pembeni ya nukta mkato, kidole cha mwisho tena, hiyo ukianza kuiruka ili uende haraka hutairudia maisha yako yote, utaandika ngombe na ngambo mpaka uzeeni.

Kifundo cha mkono kisilale kwenye meza ukiwa unataipu, kiwe sawa na mkono. Miguu chini. Ukisikia ganzi au vidole vinachomachoma, pumzika, usifanye ushujaa. Mengine watakwambia.

Sasa unataka niseme uende au usiende. Hukuuliza hivyo, umeuliza muda, lakini mimi najua unachouliza, nimekuzaa mimi. Unaona aibu kukaa darasa la wanaoanza na umri wako na cheo chako, ukute kijana wa ofisini kwenu yuko humo. Mimi sitaki kukwambia uende. Nikikwambia ukaenda ukakuta wanasoma majina kwa sauti utasema mama ndio alinituma. Nikikwambia usiende utakaa na programu yako usiku, mkono umekaa ufunguo mmoja pembeni, na mkeo amelala, nani atakwambia. Kwa hiyo sisemi. Nimenyamaza. Ila kazi ya mikono inataka mtu pembeni, hilo halihusiani na wewe, nalisema tu kwa ujumla.

Kama utapita pale kwa mambo yako mengine, ulizia vitu viwili vitatu. Darasa ni la watu wangapi, manake wakizidi mwalimu hafiki kwenye mikono. Ulizia kama wanapima kila mtu na spidi yake ya jana au wanapanga watu kwa spidi ukutani. Na ulizia kama unaweza kwenda na kibodi yako, kama ya kwao imechakaa mpaka vijimstari vya F na J vimefutika, zipo za hivyo nyingi tu, ukikuta za hivyo bandika kipande kidogo cha selotepu kwenye hizo funguo mbili, kidole kitasikia. Hilo la selotepu nililifikiria njiani kurudi nyumbani siku ileile ya mzee.

Usajili unafungwa lini lakini? Hukusema.

Mama'ko