Mimi nisingeweza kuthibitisha

Ndugu Mhariri,

Mmeuliza wiki hii kama wachezaji wa tenisi ya kulipwa wanapimwa na kuadhibiwa kwa haki wanapokutwa na dawa zilizokatazwa. Wengi watawajibu kwa kuhesabu miezi: huyu kafungiwa miezi mitatu, yule miaka minne, haki iko wapi? Nami nilikaa kuandika nikiwa na hesabu hiyo hiyo, na hasira juu yake. Lakini niliwahi kuwa ndani ya chumba cha kupimwa, na kila nikiliwaza jambo hili najikuta nimerudi humo.

Nilicheza misimu minne katika ngazi ya chini kabisa ya mashindano ya kulipwa. Kule chini hatukusafiri na kocha wala mchua misuli. Siku hiyo nilikuwa nimefungwa seti mbili kwa moja, jua limenikausha, na kabla sijafunga begi mama mmoja mwenye kitambulisho shingoni akanisogelea. Umechaguliwa kupimwa, akasema, tia saini hapa, na kuanzia sasa sitabanduka kwako. Hakubanduka. Nilipokwenda kuoga alisimama pale pale, mlango ukiwa wazi.

Wanataka mililita 90 za mkojo. Mwili uliotoka jasho saa mbili na nusu unazitoa wapi? Nikanywa maji, chupa baada ya chupa, kila moja nikihakikisha haijafunguliwa. Mara ya kwanza nilitoa kidogo. Wakakifunga, wakakiweka kando, tukaanza kusubiri upya. Mara ya pili kiasi kilitimia, lakini ofisa akadondosha tone kwenye kipimo chake, akatikisa kichwa. Mwepesi mno, karibu maji matupu. Tukasubiri tena. Giza likaingia. Kila nilipokwenda chooni yule mama aliingia nami, suruali yangu ikiwa magotini na fulana nimeipandisha hadi kifuani, kwa sababu kanuni inamtaka auone mkojo ukitoka mwilini. Alikuwa mpole, hata aliniomba radhi. Bado sijawahi kujisikia mdogo kiasi kile.

Ilipopatikana, nilichagua boksi mwenyewe, nikamimina mwenyewe kwenye chupa A na chupa B, nikakaza vifuniko mpaka vikagoma kuzunguka. Tukasomeana namba zilizoandikwa kwenye chupa, mmoja mmoja. Kisha ikaja fomu: taja dawa zote na virutubisho ulivyotumia siku saba zilizopita. Nikaandika dawa ya maumivu na vidonge vya vitamini. Nikatia saini, nikaenda kulala.

Usiku wa manane nikakumbuka krimu.

Siku nne kabla goti lilikuwa limevimba, na msichana niliyelala naye chumba kimoja alinipa tyubu yake. Lebo ilikuwa imechanika nusu, na nusu iliyobaki imeandikwa kwa lugha nisiyoisoma. Nikapaka jioni mbili, nikairudisha. Kwenye fomu haikunijia kabisa akilini. Asubuhi nilipomtafuta, alikuwa ameshaondoka kwenda mashindano mengine, na hatukuwa tumepeana hata namba za simu. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tano. Sikuletewa neno lolote, na ule ukimya ndio ulikuwa jibu langu kwamba niko safi. Lakini kwa wiki hizo zote nilijiuliza swali moja tu: ikija barua, nitamwambia nani, na ataniamini kwa lipi? Fomu yenye saini yangu inasema sikupaka kitu.

Sasa mtazameni Jannik Sinner, Mwitaliano aliyewahi kuwa namba moja duniani. Machi 2024 alikutwa na klostebol, steroidi iliyokatazwa, mara mbili: tarehe 10 kwenye mashindano ya Indian Wells, Marekani, na tena siku nane baadaye. Kiasi chenyewe hakikufika sehemu moja ya bilioni ya gramu. Maelezo yake ni kwamba mchua misuli wake alijikata kidole, akapulizia dawa ya kidonda yenye klostebol, kisha akamkanda kwa mikono mitupu. Alisimamishwa kwa muda mara mbili mwezi Aprili, na kila mara akakata rufaa papo hapo, akaachiliwa baada ya siku chache, sisi mashabiki hatuna habari. Tuliambiwa Agosti 20, jopo huru likiwa limeshasema hana kosa. WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizi, wakakata rufaa wakitaka afungiwe mwaka mmoja hadi miwili, mwishowe wakakubaliana miezi mitatu, kuanzia Februari hadi mapema Mei 2025. Hakukosa Grand Slam hata moja, yale mashindano manne makubwa ya mwaka. Mwaka huo huo akachukua Wimbledon.

Na mtazameni Mwitaliano mwenzake, Stefano Battaglino. Huyu hakuwahi kuingia hata 700 bora duniani. Alipimwa kwenye mashindano madogo nchini Morocco mwaka 2022, akakutwa na klostebol hiyo hiyo, akasema imetoka kwenye mikono ya mtaalamu wa viungo wa mashindano. Hakuweza kumleta mtu huyo kutoa ushahidi. Miaka minne. Akaenda Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, CAS, akashindwa.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema Sinner alibebwa. Nimeisoma upya habari yake leo na mkono wangu unasita. Chupa ya dawa ilikuwepo, aliyeinunua alikuwepo, aliyejikata kidole alikuwepo, na wote walisimama wakasema ndiyo, sisi. Mtu mwenye ushahidi namna hiyo nimfungie miaka minne kwa sababu tu ni tajiri? Siwezi. Mimi mwenyewe ningelia machozi ya furaha kumpata yule msichana na tyubu yake.

Kanuni ya msingi inasema kilichomo mwilini mwako ni chako, uwe ulikijua au hukukijua. Zamani niliiona katili. Ila ukiiondoa, kila mdanganyifu atasema krimu, na hakuna maabara itakayomkanusha. Kwa hiyo ibaki. Ninachoogopa ni kwamba kanuni hiyo inakudai ushahidi, na ushahidi unadai watu: wakili, mkemia, mtu wa kukimbilia duka la dawa siku hiyo hiyo. Na unadai muda. Simona Halep, aliyewahi kuwa namba moja duniani kwa wanawake, alisimamishwa Oktoba 2022, jina lake likatangazwa palepale, hukumu ya miaka minne ikaja Septemba 2023, CAS wakaipunguza hadi miezi tisa Machi 2024. Miezi tisa! Alikuwa ameshakaa nje karibu 17. Ile iliyozidi nani atamrudishia? Tara Moore wa Uingereza alikaa nje miezi 19, akasafishwa Desemba 2023, kisha Julai 2025 CAS wakamgeuzia miaka minne. Sijadili nani kati yao ni msafi. Nasema hakuna mtu anayepaswa kuning'inia hivyo.

Basi mkinibana niseme ndiyo au hapana, nitasema ndiyo, adhabu ni za haki, na najua nilivyoanza sikuelekea huko. Ni ndiyo yenye masharti. Kesi iwekewe kikomo cha miezi, na kikipita, mchezaji arudi uwanjani akisubiri. Majina yafichwe ya wote mpaka jopo limesikiliza, au yatangazwe ya wote siku ya kwanza. Na sehemu ya mapato ya mashindano makubwa ilipe wakili na maabara kwa kila aliye nje ya 200 bora, kuanzia siku anayopokea barua, kabla tyubu haijatupwa na kabla wa chumba kimoja hajasafiri.

Sharti hilo la mwisho likikataliwa, jibu langu liandikeni hapana.