Kuhusu mgonjwa anayekuuliza anywe chai au uji

Kisumu, Jumapili jioni

Mama, binti yangu,

Ujumbe wako mrefu wa Alhamisi nimeusoma mara tatu. Mara ya tatu nilikwenda kuuchapisha pale kwa kijana wa saiba, maana macho haya hayapendi tena maandishi ya simu. Sasa nakujibu kwa kalamu, na ndugu yako ataipiga picha akutumie huko Nakuru.

Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, kama yule mama wa kitanda cha dirishani katika wodi yenu ya akili, anayekuuliza kila asubuhi anywe chai au uji, ni mgonjwa kweli au anajifanya kama wanavyosema wenzako. La pili umelificha chini kabisa, baada ya salamu za mama yako: kama umekosea kumpa namba yako ya simu, na sasa anakupigia hata saa sita usiku. Nianze na la pili, ndilo linalokunyima usingizi. Ndiyo, umekosea. Mimi nilikosea zaidi.

Ilikuwa mwaka wangu wa pili wa kuvaa sare, katika hospitali ambayo siitaji. Tulikuwa na mgonjwa wa miaka 26, mpole, mwenye hofu ya kila jambo. Aliniuliza avae gauni lipi, nikamchagulia. Aliniuliza amjibu nini shangazi yake, nikamtungia. Wenzangu walipopokezana zamu walimwita "mgonjwa wako", na mimi, mjinga, nilivimba kichwa. Baada ya mwezi nilihamishiwa wodi ya upasuaji, asubuhi hiyohiyo, bila kumuaga. Siku mbili alilala ameugeukia ukuta, hakula. Sista mkuu aliniita kando akaniambia: "Umembeba mgongoni mwezi mzima, sasa unashangaa miguu yake imekufa ganzi?" Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

Sasa hilo la ugonjwa. Wanaosema anajifanya wana hoja moja tu: hana homa, hasikii sauti zisizokuwapo, anajua leo ni siku gani. Kweli. Huyo hakurukwa na akili. Kilichopinda kwake ni hulka, ile namna anavyojiona na anavyokaa na watu, na ilianza kupinda tangu ujana ikakomaa naye. Malaria ikimwingia mtu, anajua ameingiliwa. Hulka mwenyewe haioni. Anadhani ndivyo alivyo na ndivyo dunia ilivyo. Kwa hiyo wengi wao hawaji hospitalini kwa sababu ya hulka. Wanaletwa na huzuni nzito, kukosa usingizi, pengine wamekunywa sumu, na sisi tunaikuta hulka chini ya hayo.

Madaktari wa akili wa Marekani waliyagawa matatizo haya makundi matatu tangu 1980, na la watu wa hofu ni la tatu, kundi C. Mle ndani wamo anayekwepa watu akiogopa kudharauliwa, anayeng'ang'ania watu akiogopa kuachwa, na anayeng'ang'ania utaratibu akiogopa kukosea. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake ulioanza kutumika 2022, limeyaacha majina hayo. Linauliza kwanza hali ni nzito kiasi gani, halafu sifa zipi zinatawala. Nimelifurahia hilo. Jina likishaandikwa kwenye faili, watu huacha kumtazama mtu.

Na huku kwetu uwe mwangalifu zaidi na majina. Mwanamume wa Kiluhya humkwepa mama mkwe wake. Binti aliyeolewa juzi huko Siaya atakujibu akitazama sakafu. Hiyo ni heshima. Nilimwona daktari mgeni akimwandika mama mmoja wa kijijini kuwa mkwepaji kwa sababu hakumtazama usoni. Dada yake alipokuja kumtembelea, walicheka hao wawili hadi wodi nzima ikageuka. Tatizo lipo pale watu wake mwenyewe wanapomshangaa, na kazi, ndoa na urafiki vyote vimekwama.

Mkwepaji wa kweli niliyemjua alikuwa kijana fundi wa redio. Alikula nyuma ya jiko la hospitali ili asionekane akitafuna. Wenzangu walimvuta kwenye kikao cha kundi siku ya pili tu. Akatetemeka, akatoka, hakusema na mtu juma zima. Mimi sikuwa na hekima yoyote, nilikuwa na ubao wa drafti na vifuniko vya soda. Kila saa nane mchana nilikaa kwenye benchi la nje, yeye yuko upande wa pili wa jiko, nikacheza peke yangu dakika kumi, nikaondoka. Siku ya nne alikuja akasimama nyuma yangu. Siku ya sita akasema, "Hiyo umecheza vibaya." Na kweli nilikuwa nimecheza vibaya.

Usidhani ni drafti iliyomleta. Ni saa nane. Mtu wa namna hiyo anakupima kwa ahadi ndogo, na anatarajia uzivunje ili ahakikishe alilokwisha kuamini, kwamba hafai kungojwa na mtu. Siku moja nilibanwa na mgonjwa wa dharura, nikamtuma mwenzangu akamwambie nitafika saa tisa. Aliniambia baadaye kwamba ujumbe ule ulimvuta kuliko michezo yote. Kutoka hapo tulipanda polepole: mtu mmoja, kisha wawili, kisha kula pembeni mwa ukumbi, kikao cha kundi mwisho kabisa. Sikumsifu mbele ya watu. Nilimwambia nilichokiona, basi: "Leo umekaa hadi sahani ikaisha." Sifa kubwa asingeziamini.

Turudi kwa mama wako wa dirishani. Akikuuliza chai au uji, usimwambie "chagua mwenyewe" kwa sauti ya hakimu. Ataisikia kama kufukuzwa. Wala usimwambie "kunywa uji". Muulize jana alikunywa nini, kikamkaaje tumboni. Kisha nyamaza. Kazi yenyewe iko kwenye kunyamaza huko, na ni ngumu, maana wagonjwa walio nyuma yake wananung'unika na mkono wako unawasha kumimina chochote kikombeni. Mwambie anayegawa amruke, arudi kwake mwisho. Akichagua chai kisha akaijutia, mwache aijutie. Kesho atajua kwamba alichagua vibaya na jua likachomoza.

Ukimwona ametoka jasho, pumzi inakwenda mbio, hapo achana na mafunzo. Umekariri chuoni zile ngazi nne za wasiwasi za Hildegard Peplau, yule muuguzi wa Marekani: mdogo, wa kati, mkali, na ule wa kiwewe. Mtu aliye kwenye ngazi mbili za juu hafundishiki. Punguza maneno, punguza watu, kaa naye. Chai itazungumzwa akishatulia.

Kuna hatari nyingine ambayo haizungumzwi sana wodini. Mgonjwa wa namna hii hukubali kila kitu. Ukimpa fomu atatia sahihi, ukimpa kidonge atameza, ukimuuliza kama ameelewa atasema ndiyo kwa sababu anaona unaitaka hiyo ndiyo. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989, kama ilivyorekebishwa 2022, inampa haki ya kukubali matibabu akiwa ameyafahamu. Basi usimuulize kama ameelewa. Mwambie akueleze kwa maneno yake, kana kwamba anamweleza dada yake nyumbani. Utashangaa mara ngapi atakwama.

Umeniandikia pia kwamba anataka kurudi kwa mume anayempiga, na kwamba hilo nalo wenzako wanalitaja kama dalili. Polepole. Mwanamke asiye na shamba wala mshahara, mwenye watoto watatu, akirudi kwenye nyumba ile, huenda anapiga hesabu ambayo mimi na wewe hatujawahi kulazimika kuipiga. Mwite afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kabla hujaandika neno "tegemezi", lile jina la anayeng'ang'ania watu.

Na hiyo simu. Usiizime ghafla, usibadilishe namba. Mkute mchana, mkae wawili, umwambie: "Nilikupa namba yangu nikidhani itakusaidia. Naona haikusaidii. Kuanzia leo nikiwa nje ya zamu sitapokea. Nikiwa zamu nitakaa nawe saa nne asubuhi, robo saa." Umwambie na sista wako, hata kama utaona haya, na iandikwe kwenye mpango wa uuguzi ili watu wa usiku waseme maneno hayohayo. Mmoja wenu akilegeza, yeye atamfuata huyo mmoja, na mtaanza kugombana ninyi kwa ninyi. Jiandae pia kwamba simu zitaongezeka kabla hazijapungua. Lakini akikutajia kufa, usiseme anakujaribu. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua na ameshapanga vipi, asiachwe peke yake, na daktari ajue wakati huohuo.

Wa tatu, yule wa utaratibu, sitakuchosha naye. Nilimuuguza mwalimu wa hesabu aliyeipanga upya orodha yetu ya mashuka na kugombana na msafishaji kuhusu pembe za vitanda. Usimchanganye na mgonjwa anayenawa mikono mara arobaini na kuichukia hali hiyo. Mwalimu hakuchukia chochote. Aliona yeye yuko sawa, sisi ndio wazembe. Mabadiliko ya ratiba mwambie mapema, usishindane naye nani anajua zaidi, na akianza kazi ndogo mpe mwisho wa saa. Mama yako amesoma hapa begani mwangu, anasema nimeandika habari zangu mwenyewe. Mwache.

Dawa ni sehemu ndogo. Hakuna kidonge cha hulka. Daktari hutibu huzuni au wasiwasi unaoandamana nayo. Ila chunga diazepamu, ile dawa ya kutuliza wasiwasi, isizidi siku alizoandikiwa, maana mtu anayetafuta cha kuegemea ataiegemea nayo pia. Mazungumzo ya muda mrefu na mtaalamu ndiyo yanayowasaidia wengi wao, kwa hiyo hakikisha rufaa ya klinika imeandikwa kabla hajatoka, na amekutana na mtu huyo uso kwa uso akiwa bado yuko wodini.

Umesema unahamishiwa wodi ya wazazi tarehe 30. Yeye anajua? Nimeirudia barua yako nikitafuta mahali ulipomwambia, sikupaona. Mwambie kesho, si siku ya kuondoka. Atalia, pengine atarudi nyuma siku mbili tatu, na wewe utataka kumwahidi kwamba utakuwa unapita kumwona. Usimwahidi. Mpeleke kwa yule atakayekupokea, mkae watatu mara kadhaa, na siku ya mwisho uage kwa jina lako na jina lake.

Mama yako ameweka omena kavu kwenye debe, na anauliza kama utakuja na viazi vya Molo au akanunue Kibuye. Mjibu yeye moja kwa moja, mimi hilo sitamwamulia.

Baba yako