Soda, enaji na roho nzito

SUALI: Assalaam alaykum dada. Mie nnauza nguo Darajani, asubuhi natoka mbio na keki ya pakti, mchana soda na biskuti, jioni nikisinzia nnapiga enaji, usiku tambi za pakti basi. Miezi sasa roho nzito, usingizi hamna, nnawafokea hata wateja. Mama anasema nikasomewe, rafiki yangu anasema ni sukari. Nimsikilize nani?
Muuza nguo, Darajani

JIBU: Waalaykum salaam kaka yangu, pole sana. Kasomewe, hakuna wa kukuzuia, lakini rafiki yako nae ana lake la kweli. Kuna utafiti ulitoka Uingereza 2017, walifatiliwa wafanyakazi wa serikali kwa miaka mingi, wanaume waliokuwa wakila na kunywa sukari zaidi ya gramu 67 kwa siku uwezekano wao wa kupata sonona (ugonjwa wa roho nzito isiyoondoka) au wasiwasi baada ya miaka mitano ulikuwa juu kwa asilimia 23 kuliko wanaotumia kidogo. Sasa soda ya mililita 350 ina kama gramu 35, vijiko vya chai karibu tisa hivo, na WHO, Shirika la Afya Duniani, wanasema ikiwezekana mtu mzima asizidishe vijiko sita kwa siku nzima, hapo keki na biskuti hatujazihesabu!

Sisemi sukari peke yake ndo imekufikisha hapo, maana mwenye roho nzito nae hukimbilia vitamu. Ila Australia, utafiti wa 2017 pia, watu wazima 67 wenye sonona, wengine walisaidiwa kula mboga, samaki, kunde na matunda, wengine wakapewa mtu wa kukaa nao kuzungumza, baada ya wiki 12 waliopona upande wa chakula ni kama theluthi, upande wa pili asilimia 8. Na wengi wao walikuwa kwenye matibabu vilevile, chakula hakikuchukua nafasi ya dawa.

Mie ningeanza na hiyo enaji ya jioni, ina kafeni, usingizi utaupata wapi? Halafu soko si hapo hapo ulipo, usiku chemsha muhogo au shelisheli, choroko na dagaa, bei haikushindi.

Na hospitali nenda wiki hii, miezi ni mingi. Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, watu huogopa kuonekana wakiingia, wewe nenda tu. Ukijiona unawaza kufa usisubiri hata kesho, mwambie mama akupeleke saa hiyohiyo.